Kinyozi Aliyetafakari Akiwa Kizingitini

Mtu mwenye haraka hakwenda kunyoa kwa kinyozi waliyembandika jina la Kwa Kifupi wakati wa Kwaresima. Si kwamba kinyozi huyo hakuijua kazi; mkono wake ulikuwa mwepesi na mashine zake safi. Shida ilikuwa mdomo. Kila juma aliongoza tafakari ya Injili kwenye jumuiya yao, na hakuwa na pa kuijaribia ila kwenye vichwa vya wateja. Akishakufunga shuka shingoni, umekwisha. Alinyoa upande mmoja, akazima mashine, akasema, "Kwa kifupi, shetani hakuleta habari ya mkate kwa bahati mbaya," nawe ukabaki nusu kipara, nusu msitu. Hata kutoroka hukuweza, maana ungetoroka na kichwa gani? Dereva mmoja alikaa jangwani na shetani tangu saa nne mpaka adhuhuri, na abiria wake wakamngoja.

Alikuwa na madaftari matatu, moja kwa kila mwaka wa masomo ya misa, A, B na C, kama Kanisa linavyozunguka. Yote yalijaa mpaka pembeni, isipokuwa ukurasa mmoja. Katika daftari la Mwaka C, Jumapili ya Nne ya Kwaresima, palikuwa peupe pe. Hiyo ndiyo Jumapili ya mwana mpotevu, katika Injili ya Luka. Kila baada ya miaka mitatu, ikikaribia, jino lilimshika kinyozi wetu, na tafakari ikaangukia kwa katekista.

"Jino gani hili linalouma kwa kufuata Luka?" mkewe alimuuliza siku moja.

Sababu ilikuwa mdogo wake, fundi rangi, aliyekaa mitaa miwili tu kutoka pale. Huyo aliondoka nyumbani ujanani, akapotea miaka kumi na moja bila hata salamu. Aliporudi, baba yao alikuwa kitandani mwaka wa nne, na kwa miaka yote hiyo minne Kwa Kifupi ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamnyoa ndevu kila asubuhi. Basi mzee akamwona mpotevu wake, uso ukang'aa, akasema leo atanyolewa na huyu. Fundi rangi akashika wembe kama anayepaka ukuta, akamkata kidevuni, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata akafariki. Tangu siku hiyo, miaka saba sasa, Kwa Kifupi hakukanyaga kwa mdogo wake. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, alimpa ncha za vidole.

Na hali hiyo ilimuuma, tusimsingizie. Alitaka kusamehe, ila hakujua aanzie wapi. Mwanzoni mwa Kwaresima hii alikwenda kuungama, na padre akampa malipizi mazito kuliko rozari kumi: kabla ya Pasaka, aende nyumbani kwa mdogo wake.

Ikasadifu kwamba juma la nne zamu ya kuipokea jumuiya nyumbani ilikuwa ya fundi rangi. Kwa Kifupi akapiga hesabu zake. Padre alisema aende, kuingia hakukutaja. Atasimama kizingitini, aongoze tafakari, malipizi yamekwisha, na viti vya watu havimhusu.

Luka hakumtia wasiwasi, kwani kalenda ya ukutani pale kinyozini ilionyesha Mwaka A, na Jumapili ya Nne ya Mwaka A ni ya yule aliyezaliwa kipofu. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mara ya mwisho alipoitafakari, muuza mkaa alilia na katekista akatoa leso. Kumwachia mtu mwingine? Thubutu! Bahati mbaya kalenda ile ilikuwa ya mwaka juzi. Aliiacha kwa kuwa picha yake ya Mtakatifu Yosefu iliziba ufa. Jumapili mbili za kwanza hazikumshtua, kwani jangwa na mlima wa kung'ara hurudi kila mwaka, naye alizitafakari kwa kichwa bila kufungua kitabu. Ya tatu ilimkuta kitandani na homa.

Jumamosi jioni wakakutana kwa fundi rangi. Mwenyekiti wa jumuiya, mkunga mstaafu ambaye alizalisha nusu ya waliokuwepo, akamwona Kwa Kifupi amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Kinyozi, pita ndani, kiti kipo."

"Niacheni hapa hapa, Mama Mwenyekiti. Macho yangu siku hizi yanataka mwanga."

Mkewe akakohoa. Mwenyekiti akafungua kitabu. "Injili ya Luka, sura ya kumi na tano."

"Yohana, sura ya tisa," Kwa Kifupi akamsahihisha kwa upole wa mjuzi.

"Luka."

"Mama, huu ni Mwaka A. Kalenda ninayo ukutani."

"Ile ya Yosefu? Baba, ile si uliizibia ufa tangu mwaka juzi?" mkewe akadakia.

Kwa Kifupi akashika shavu.

"Halijaanza kuuma," mkewe akasema kwa sauti, ili wote wasikie.

Ikasomwa. Kijana akaondoka, akaponda mali, akalisha nguruwe, akarudi, akakumbatiwa. Kisha yule mkubwa akatoka shambani, akasikia ngoma, akakasirika, asitake kuingia ndani, mpaka baba akatoka nje kumbembeleza. Mwenyekiti akafunga kitabu. Watu kumi na wanne wakageuza shingo kutazama mlangoni.

"Haya, Kinyozi, tafakari."

"Kwa kifupi," alisema, na kwa mara ya kwanza ikawa kweli, maana hakikufuata kitu.

"Kinyozi hajinyoi," mwenyekiti akasema, si kwa kebehi. "Tumsaidie jamani."

"Sitaki msaada!" Kwa Kifupi akafoka. "Huyu kaka mkubwa mnamsema kila mara. Ana wivu, ana roho mbaya. Nani ameuliza alikuwa anatoka wapi? Alikuwa anatoka kazini! Miaka minne nimemnyoa baba, sikumkata hata mara moja. Huyu kamkata siku ya kwanza, na baba akacheka. Mimi sikuwahi kumchekesha." Machozi yakamshuka mbele ya wateja wake wote, wala hakuyaficha.

Fundi rangi, aliyekuwa amekalia ndoo ya rangi, akainuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka mpaka nje kabisa.

"Kaka, unajua alicheka nini? Ulipotoka nje, alisema, 'Kumbe kunyolewa kunauma hivi! Mkono wa kaka yako ni mwepesi, miaka yote sijawahi kuusikia.'"

Kwa Kifupi akamtazama. "Miaka saba! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Kwako unanifungia mlango, kwangu huingii." Akamshika mkono, mkono mzima. "Baba hayupo wa kutoka nje kukubembeleza, kaka. Nimetoka mimi. Ingia."

Kinyozi akajifuta uso kwa kiganja, akavuka kizingiti. Mdogo wake akampisha kwenye ile ndoo, yeye akakaa sakafuni, na tafakari ya juma hilo haikuongozwa na mtu.