Mama Alinikana Katikati ya Mizabibu

Mama yangu mzazi, aliyenilea akichuma zabibu, alisema mbele ya kikosi kizima cha vibarua kwamba hanijui.

Na mkalimani nilikuwa mimi.

Ilikuwa Julai, hapa Madera, California. Chuo chetu kilikuwa na mpango wa kutuingiza sisi watoto wa vibarua kwenye kazi za kilimo zenye ofisi na heshima. Nikapangiwa kujifunza kwa Bi. Hadley, mkaguzi wa dawa za mashambani. Kihispania, lugha ya vibarua, hakijui, kwa hiyo alinitegemea mimi.

Simu ikaingia. Kuna shamba, vibarua wanatapika.

Tulipofika, harufu ya dawa ilitupokea kabla ya watu. Kibao chenye fuvu, kile cha kuzuia watu wasiingie mpaka dawa ikauke, hakikuwepo.

Nikawauliza mmoja mmoja.

"Mambo safi, binti," wakajibu.

Rogelio, msimamizi wao, alikuwa amesimama palepale akiwakodolea macho. Nani aseme?

Nikafika kwa mwanamke mmoja. Kofia na leso vimemfunika uso, macho tu yanaonekana.

Alikuwa mama. Nilijua amehamia kikosi kipya, ila sikujua ni hiki.

"Andika," akasema. "Kibao aliking'oa Rogelio. Tumeingizwa humu dawa ikiwa mbichi."

Rogelio akamrukia Bi. Hadley kwa Kiingereza.

"Bosi, hawa ni mtu na mwanawe. Hebu tazama macho yao. Wameshapanga."

"Muulize kama mnajuana," Bi. Hadley akaniambia.

Nikamuuliza mama yangu kama ananijua.

"Huyu? Simjui. Mimi mwanangu yuko Oaxaca, kwetu Mexico."

Nikatafsiri. Nilitamani ardhi inimeze.

Kazi ikasimamishwa, shamba likapigwa faini. Jioni mama akaambiwa asirudi, na hadi leo hakuna msimamizi anayemchukua.

Nyumbani nilimwakia.

"Mama, umenikana mbele za watu?"

"Punguza sauti. Ningesema wewe ni wangu, maneno yangu yangetupwa, na wewe ungetolewa kwenye mpango wa chuo. Kazi moja ilikuwa lazima ife. Nikatoa yangu."

Sasa nimeajiriwa ofisini kwa Bi. Hadley. Mshahara namlisha nao yeye, lakini roho inaniuma, maana pale ofisini yule mwanamke wa shambani bado ni mtu nisiyemjua.

Ndugu zangu, mzazi akikukana hadharani, usiharakishe kununa. Huenda ndiyo njia pekee iliyombakia ya kukulea.