Mstari Uliokatika Kushoto

Siku yangu ya kwanza kwenye mradi wa mbuzi wa maziwa, Kitendaguro, Bwana Mifugo aliniuliza kitu kimoja tu: "Unajua kuchora?" Vita vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimeshabeba magunia ya kahawa na kupika kwenye meli. Shule niliiacha darasa la tano. Nikasema najua.

Mbuzi wetu walikuwa Toggenburg: mwili wa kahawia, miguu myeupe kutoka magotini kushuka, na mistari miwili myeupe usoni, kutoka juu ya macho hadi mdomoni. Ninyi vijana mnawavalisha hereni zenye namba. Sisi kila mbuzi tulimchorea kadi. Wangu wa kwanza alikuwa jike ambaye mstari mmoja ulikatika chini ya jicho, kama umefutwa kwa kidole. Alipelekwa Kamachumu, kwa mwalimu mmoja.

Kesho yake Bwana Mifugo alinitazama nikichora mwingine na kuandika upande, akacheka. "Kushoto ni kwa mbuzi, bwana, si kwako unayemtazama. Unachora kadi au kioo?" Nikajirekebisha. Kadi ya jana ilikuwa imeshaingia kabatini, nikaisahau.

Miaka ikapita. Mwalimu na mkewe wakafa kwa ukimwi, ambao wakati ule tuliuita Juliana. Mbuzi wao naye akafa. Mama wa mwalimu, Bibi Koku, akabaki na mjukuu mchanga.

Nilimpelekea jike aliyebaki kwenye banda la mradi, mwenye maziwa. Nilipolegeza kamba alipita kwenye migomba bila kuongozwa, akasimama mlangoni pa nyumba ya marehemu, iliyofungwa. Bibi akamtazama mbuzi usoni.

"Waitu, jamani, huyu tulimzika."

"Huyu ametoka Kashozi, bibi. Hajawahi kufika hapa."

"Mrudishe."

Ndani kwa bibi mtoto alilia kwa sauti nyembamba, ya kuishiwa. Bila maziwa asingefika Jumapili. Kadi za Kamachumu zote zilikuwa begini mwangu. Nikatoa ile ya mbuzi wa mwalimu.

"Tazama. Mstari wa yule ulikatika kulia. Huyu kushoto. Ni wawili."

Aliishika kadi muda mrefu, kisha akaleta chombo cha kukamulia.

Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kicheko cha Bwana Mifugo. Kadi ile niliichora siku ya kwanza. Kulia kwake kulikuwa kushoto. Sikurudi.

Kazi hiyo ndiyo pekee ambayo sikuihama. Nilipostaafu nilikwenda kumuaga bibi. Mjukuu alikuwa amenipita kimo. Nikamweleza bibi kosa langu.

"Yule nilimkamua mwenyewe, baba," alisema. "Nilijua mstari wake ulikatika wapi."

"Mbona ulimpokea wa pili?"

"Mtoto alikuwa na njaa." Akatazama bandani. "Na mbuzi alikuwa amerudi kukamuliwa."