Ukurasa wa Mwisho wa "Ndama wa Simiyu"

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sindano nene, kidonge cha uzi, kopo la gundi na rundo la vitabu vilivyoraruka. Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu ya Kitale, mwanamume mrefu aliyevaa tai hata Jumamosi, alinionyesha meza nyuma ya kabati la magazeti. "Hapa ndio hospitali," akasema. "Mgonjwa akija, unamtibu. Akishindikana, unaniita." Nilikuwa nimetoka Kibomet kwa miguu, viatu vimejaa matope, na kopo lenyewe sikujua linafunguliwaje.

Ninyi mnaosomea kwenye simu huenda hamjui kitabu kimefungwaje. Kina mgongo, yaani upande ule unaouona kikiwa rafuni. Kurasa hukunjwa mafungu, kila fungu likashonwa kwenye mwenzake, kisha mgongo hupakwa gundi na kufunikwa kitambaa. Ukivunjika, usibandike selotepu. Selotepu hugeuka njano na kuila karatasi. Unafumua, unasafisha, unashona upya. Kazi hii ndiyo kujalidi, nami niliifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuchoka nilichoka, kuichukia sikuichukia hata siku moja.

Niseme ukweli, sikuingia humo kwa kupenda gundi. Nilipokuwa darasa la tatu huko Naitiri, mwalimu wetu alikuwa na sanduku la vitabu, na ndani yake mlikuwa na "Ndama wa Simiyu", kilichoandikwa na Mwalimu Nasambu. Ni hadithi ya mtoto aitwaye Simiyu aliyepoteza ndama katika soko la Chwele akamtafuta siku tatu, akimuuliza kila mtu. Vitabu vingine vyote nilivyosoma vilikuwa vya watoto wanaoogelea baharini. Huyu aliandika soko nililolijua, matope niliyoyakanyaga, na muuza ndizi mwenye mdomo kama wa jirani yetu. Nilimpenda mwandishi yule kuliko shangazi zangu wawili, na sitataja ni wepi. Nampenda hadi leo. Kwa hiyo siku ile ya pili kazini nilipokiona kitabu chake kwenye rafu ya watoto, niliamua kwamba hapo sitoki.

Lakini serikali haiulizi umeamua nini. Nilihamishiwa Bungoma, chini ya Msimamizi wa Kitengo cha Watoto, mama aliyekagua mshono kwa kuvuta kila ukurasa kwa kucha. "Hii imelegea. Fungua, anza tena," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Siku moja alinikuta nikisahihisha kwa kalamu sentensi iliyonikera ndani ya kitabu. Akaichukua ile kalamu, akaiweka mfukoni mwake. "Wewe unashona tu. Maneno ina mwenyewe." Nilinuna wiki nzima.

Niliporudi Kitale, yule wa tai alikuwa amestaafu. Mkutubi Mkuu mpya alikuwa kijana mwenye orodha. Sheria yake ilikuwa moja: kitabu kilichopungukiwa na ukurasa kinapigwa muhuri wa kuondolewa, kisha kinakwenda kufungia mandazi. Juu kabisa ya orodha hiyo palikuwa na "Ndama wa Simiyu". Karatasi ya mwisho ilikuwa imechanwa, haipo. Ilikuwa nakala yetu pekee, na kitabu hakikuwa kikichapishwa tena.

"Hii kitabu imeisha, madam," akasema.

"Haijaisha. Nipe mpaka Ijumaa."

"Na hiyo ukurasa utatoa wapi?"

"Kichwani. Nimeikariri tangu darasa la tatu."

Akaandika Ijumaa kwenye orodha yake. "Sawa. Lakini ikikuwa si hivyo, ni wewe umeandika, si mimi."

Nilitafuta karatasi ya rangi ileile, nikaandika kwa herufi za kuchapa jinsi Simiyu alivyofika nyumbani jioni akiwa amekata tamaa, akamkuta ndama amesimama mlangoni akimngoja. Nilishona, nikapaka gundi, nikavuta kwa kucha. Mshono haukulegea. Watoto walikiazima miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipogonga muhuri wa tarehe nilijisifu kimoyomoyo.

Nikastaafu. Mwaka jana nilikuwa Chwele kutafuta mbegu za viazi, nikaona gunia la vitabu vya mitumba limetandazwa karibu na wauza kuku. Katikati yake palikuwa na "Ndama wa Simiyu", kizima. Nilikinunua, nikakifungua mwisho nikiwa nimesimama palepale. Ndama harudi. Simiyu anafika nyumbani na kamba tu, anaitundika mlangoni, anaingia kula.

Ndipo nilipomkumbuka Kukhu, nyanya yangu. Hakujua kusoma, na mimi ndiye niliyemsomea kitabu kile jikoni akipika. Nilipofika mwisho alikataa katakata. "Hapana. Mrete huyo ndama nyumbani," alisema, nami nikamleta, siku ile na kesho yake na siku zote, mpaka mwisho alioutaka Kukhu ukaufuta ule wa kitabu kichwani mwangu.

Niliona aibu, tena kubwa. Mwandishi niliyempenda maisha yangu yote, mimi ndiye niliyemtilia uongo kitabuni na kuushona ukakaza. Niliapa kwamba sitakufa kabla ya kuutoa.

Nilikiazima kitabu Kitale kama mtu mwingine yeyote, nikatoa fotokopi ya ukurasa wa kweli kutoka kile cha Chwele, nikabeba wembe, sindano na gundi, nikaenda Naitiri. Nilijua kwa miaka mingi kwamba Mwalimu Nasambu anaishi huko, ila sikuwahi kuthubutu kumwendea. Nilimkuta uani akichambua maharagwe, mkongwe, macho makali.

"Mama, mimi niliharibu kitabu chako," nikasema, nikamweleza yote.

Alisoma ukurasa wangu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii si yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Hii ndama haikurudi. Ilikuwa yangu, bana. Nilikuwa msichana mdogo. Nilitafuta Chwele siku tatu, nikarudi na kamba. Sasa wewe unarudisha ndama ya mtu bila kumuuliza?"

Nikatoa wembe mfukoni.

"Itoe. Weka yangu."

Nilifanyia kazi palepale kwenye kigoda. Nilikata, nikasafisha, nikashona. Mwalimu Nasambu aliuvuta ukurasa kwa kucha, bila mtu kumfundisha, akatikisa kichwa kukubali. Nikaokota ule wangu niutie jikoni motoni. Akanishika mkono.

"Hiyo niachie."

"Si umesema ni uongo, Mama?"

"Ndani ya kitabu, ni uongo." Aliukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa sweta yake. "Lakini mimi nimengoja huyo ndama tangu utoto."

Jumatatu nilikirudisha kitabu Kitale, kabla tarehe haijapita. Sasa Simiyu anafika nyumbani na kamba tu, kama mwenyewe alivyoandika. Ndama yuko Naitiri, kwenye mfuko wa sweta.