Mmea wa Mama na Maji ya Udhu

Nilipoolewa Kivinje, enzi za Mwingereza, mama alinifungia kipande cha mmea wake ndani ya kitambaa kilicholoweshwa. Alikuwa yaya nyumbani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya kule Lindi, na mmea huo alipewa na bibi wa nyumba ile. Ni mmea wa kutambaa, majani mapana yenye mabaka ya manjano, na hauna makuu: kivuli cha ndani kinautosha, na maji usiupe mpaka udongo ukauke. Miezi michache baadaye mama alifariki, na wa kwake ukafa kwa kukosa mtu wa kuutazama. Ukabaki wangu tu.

Niliupanda kwenye kopo la samli, nikalitoboa chini kwa msumari, nikalitundika sebuleni karibu na mlango wa uani. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Alitawadha pale mlangoni, na maji yaliyobaki kwenye birika hakutaka kuyamwaga chini yakakanyagwa. Aliyamimina kwenye kopo langu. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Wageni wake nao wakitawadha, wanamimina humo humo. Maji yakaanza kudondokea mkeka wa kusalia, naye akaziba matundu kwa nta.

Nilimweleza kwa adabu zote kwamba mama yangu alinionya kuhusu maji.

“Mwanangu, maji ya udhu hayadhuru kitu,” alinijibu, akaendelea na nyuradi zake.

Sasa nani atabishana na maji ya udhu? Nikimshtakia mume wangu, ndipo anapokumbuka kutafuta kofia yake atoke. Nikazibua matundu, akayaziba. Nikalipandisha kopo juu, akapanda kigoda, mtu mzima na magoti yake mabovu. Siku hizo nilikuwa napika huku nimefura, na chumvi ilizidi mara kwa mara.

Majani yakageuka manjano tupu, mashina yakalainika na kunuka. Nilipouvuta ukaja wote mkononi, mizizi imeoza. Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia matangani, Mungu anisamehe. Kipande kimoja cha juu kilikuwa bado kigumu. Sikuwa na imani tena na lile kopo, nikakitia kwenye chupa ya maji na kukificha chumbani kwangu, pembeni mwa dirisha. Kikatoa mizizi myeupe, kisha jani jipya.

Mama mkwe alikiona siku aliyoingia kunijulia hali, nina homa. Aliinama akaitazama mizizi ikielea.

“Si ulisema hautaki maji?”

Kwamba mizizi iliyoota majini si sawa na iliyozoea udongo nilikuja kulijua baadaye sana, na hata ningelijua siku ile, ningemwambiaje mama mkwe? Aliichukua chupa hadi sebuleni, akaijaza kwa birika lake.

Ukastawi, ukazunguka mlango mzima. Kila mgeni aliyeusifu alihadithiwa jinsi ulivyokuwa umekwisha kufa, maji ya udhu yakaufufua. Siku moja jirani mmoja akauliza ni wa nani.

“Wangu,” alisema mama mkwe.

Nami nilikuwa palepale mbele yao, nimeshika buli, nawamiminia chai.