Chai ya Babu na Mteja wa Kwanza

Utoto wangu unanuka mvuje. Harufu ya kiungo hicho ilipenya kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya shule, na wenzangu pale Alief, mtaa wa Houston, Marekani, walinicheka mpaka nikazoea. Babu yangu, aliyehamia huko kutoka Mwanza, alikuwa na duka la vyakula: mchele, dengu, unga wa muhogo, bizari. Sisi ni Walohana, Wahindu wa biashara. Babu alisimulia kwamba zamani sana, kule Sindh, Bara Hindi, wazee wetu walishika panga; waliposhindwa vita wakashika mizani, wakashuka Gujarat, na wajukuu zao wakavuka bahari hadi Mwanza kuuza chumvi na khanga vijijini. “Upanga ulituponyoka,” alisema, “mizani haituponyoki.” Weee, mzee yule alikuwa na maneno!

Alikuwa na mwiko alioachiwa na baba yake: hanywi chai, hali kitu, mpaka mteja wa kwanza anunue. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa miaka mwiko huo haukumsumbua, maana Mama Keza, Mrundi aliyefanya usafi hotelini, alipita kila asubuhi akitoka zamu, akanunua hata vitunguu tu, huku akimtania: “Mzee, nimekuja kukunywesha chai!”

Mwaka 2020 ugonjwa ukaingia, hoteli ikafungwa, Mama Keza akakosa kazi. Magari yakapita barabarani, hakuna aliyeegesha. Na Babu alikuwa na kisukari. Jua likapanda, chupa ya chai iko mezani, mikono yake inatetemeka. Baba alimsihi, akafoka, mwishowe akalia. Mimi nikachukua hela zangu za sikukuu, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele kama mteja. Babu akatabasamu, akanirudishia. “Mkono wa nyumbani haufungui duka, mjukuu wangu.” Nilitamani kumnywesha kwa nguvu.

Siku chache baadaye alianguka kando ya magunia ya dengu. Gari la wagonjwa likamchukua. Baba akakatazwa kupanda. Tukabaki mlangoni, hatuna la kufanya. Ndipo Mama Keza akaingia, barakoa usoni, anataka mchele. Nikampimia huku nalia. Kisha, kwa mazoea, nikammiminia Babu chai.

Hakurudi. Pale dukani sasa wanauza simu. Mimi nauza bizari mtandaoni, kwa wateja nisiowajua sura, na oda ya kwanza huingia nikiwa bado nimelala. Chai yangu ina ruhusa tangu alfajiri, lakini haishuki.