Visu Viwili vya Baba: Kimoja Hawezi Kukifungua, Kingine Naogopa Kumpa

Admin, nakuomba unisitiri, maana ndugu zangu wengi wako humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mnubi wa Walukuba, Jinja, hapa Uganda. Nimeolewa Mbale, ambako mimi na mume wangu tunauza chakula upande wa Industrial, kwenye viwanda. Wazazi wangu wamebaki Walukuba wawili tu ndani ya nyumba. Wengine mtacheka mkisikia shida yangu ni kisu cha mfukoni. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Baba alikuwa fundi wa magari jeshini, na mtaa mzima unamwita Afande mpaka leo. Tangu nipate akili sijamwona bila kisu cha kukunja. Alitumenyea miwa nacho, alikata kamba za mbuzi wa Idi nacho, jirani akishindwa kufungua gunia anamwita yeye. Kisu hicho kilipokufa, ubapa ukachomoka kwenye mpini, akabaki anajipapasa mfukoni siku nzima. Wakati huo kiharusi kilikuwa kimeshamlemaza mkono wa kushoto, na akili nayo ilikuwa inaenda na kurudi. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la dada yake marehemu.

Kaka yangu anafanya kazi Qatar. Ni mtu wa kupenda visu vya ghali. Alinunua viwili vya titani kwa sababu alishindwa kuchagua, akampa mtu aniletee. "Mpimie mkononi," alinambia kwenye simu. "Kitakachomkaa mwachie. Kile kingine ni changu, nitakichukua nikija Idi."

Jamani, ni visu vizuri. Mpini wa titani ni wa kijivu, mwepesi mpaka unajiuliza kama kweli umeshika chuma. Cha kwanza unasukuma kinundu kwa dole gumba tu, ubapa unaruka nje na kujikaza wenyewe usirudi. Cha pili ni kigumu, lazima uushike ubapa kwa kucha za mkono wa pili, uvute kwa nguvu.

Nilivipeleka Jinja. Baba alianza na kile kigumu. Alihangaika nacho, akakibana magotini, akajaribu hata kwa meno, jasho likamtoka. Mwishowe akakisukuma kwangu. "Hii kisu haitaki mimi," alisema, akageuza uso ukutani. Nikampa kile chepesi. Kidole kilijua chenyewe. Ubapa ulitoka, akaupima kwenye ukucha, halafu akanitazama na kuniita jina langu. Langu mimi, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa muda mrefu. Akamwita Mama kwa jina la utani la siku za uchumba wao, akabana chungwa magotini, akatumenyea kwa mkono mmoja, ganda likining'inia bila kukatika. Mama alilia kwenye mtandio wake. Nikamwachia kisu.

Kesho yake mchana Mama aliingia na sinia la chakula. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba maji. Baba alisimama ghafla, kisu kiko wazi mkononi.

"Simama hapo! Nani alikutuma?"

"Ni mimi, baba watoto," Mama alisema.

"Nasema nani alikutuma kwa nyumba yangu?"

Ncha ilikuwa imegusa kifua cha Mama, kwenye gauni. Mchuzi ulimwagika miguuni mwake, naye hakurudi hata hatua moja. Mimi nilikuwa nimeganda. Mama ndiye aliyesema taratibu, "Afande, chakula kinapoa." Baba akakaa, akaweka kisu juu ya meza, akauliza, "Mbona hamli?"

Nilichukua visu vyote viwili nikarudi navyo Mbale. Nilimwambia Baba vinakwenda kunolewa.

Nilidhani Mama atanishukuru. Siku hiyohiyo alinipigia: "Rudisha kisu cha mume wangu."

"Mama, angekuchoma!"

"Mimi nimelala na huyo mtu maisha yangu yote. Siku ile moja alinijua. Unataka nikae na maiti inayopumua?"

Kaka naye haamini yaliyotokea. Kwenye simu Baba anamjibu vizuri, "Aleikum salaam, kazi vipi," basi kaka anasema mimi namfanya mzee mtoto mdogo, na kwamba akifika asipokiona kisu mfukoni mwa Baba, nisimwite kaka tena. Fundi mmoja hapa Industrial alisema anaweza kukiua makali kile chepesi. Lakini Baba hupima kisu kwenye ukucha kabla ya kitu chochote. Atajua, kama alivyojua kile kigumu hakimtaki.

Msiniambie nimpeleke hospitali, tumeshakwenda. Daktari alisema ugonjwa huu haurudi nyuma, tumtunze. Wala msiniambie niwahamishie Mbale, Baba tukimtoa Walukuba anatembea barabarani akitafuta nyumba yake.

Leo asubuhi Mama amepiga tena. Anasema Baba amekataa kula. Amekaa mlangoni, kila anayepita anamwambia binti yake amemwibia, na ananitaja kwa jina, bila kukosea. Nilimsikia kwa nyuma, sauti yake ile ya zamani: "Mwambie alete. Mimi simfungi. Alete tu."

Visu viko kabatini, chini ya kanga zangu. Nikimpelekea, na ikatokea ile ya mchana ule nikiwa Mbale, damu ya mama yangu itakuwa juu yangu. Nisipompelekea, Baba atakufa akinijua kama mwizi. Mliowahi kutunza mzazi wa namna hii, nishaurini. Gari la Jinja lipo kesho asubuhi, nipande na kisu au nipande mikono mitupu?