Fundi Aliyenyoosha Mshono wa Marehemu

Hakuwa na duka. Hakuwa na kibao chenye jina lake, wala meza pana ya kukatia, wala cheti cha ufundi cha kutundika ukutani. Babake hakumwachia shamba, na shule aliiacha kabla hajajua kuandika barua bila kukosea. Kitu kimoja tu Shitanda hakuwahi kukosa: mstari ulionyooka.

Asubuhi hii mstari huo anaufumua. Ameketi katika chumba chake cha mabati, mtaani Mukuru kwa Njenga, blanketi la viraka magotini, na kwa ncha ya wembe anakata mishono aliyoishona mwenyewe. Cherehani imefunikwa shuka. Rafuni kuna kazi za wateja wanne ambazo hajazigusa.

"Sina uso wa kushika kazi ya mtu mwingine," anasema. "Nimalizane na hii kwanza."

Wanawake wa mitaa hii, kuanzia Fedha hadi Buruburu, hushona uso wa blanketi nyumbani kwa vipande vya vitenge, suruali kuukuu na sare za shule. Uso ukikamilika, hutiwa pamba katikati na bitana chini, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja zisihame. Cherehani za nyumbani hugoma kwa unene huo. Ya Shitanda haigomi. Ni ya kiwandani, yenye shingo ndefu. Aliinunua wakati kiwanda alichofanyia kazi kilipofunga milango na kuuza vyombo vyake.

Blanketi la kitanda humletea shilingi elfu mbili. Akitoa uzi na umeme, hubaki na nusu.

"Mimi huletewa kitu ambacho mwenyewe ameshakimaliza," anaeleza. "Yangu ni kukishikilia tu kisisambaratike. Hapo ndipo nilipojisahau."

Mwaka huu, mvua zikianza, Mwongeli, karani anayeishi Buruburu, alimletea uso wa blanketi. Safu zote za viraka zilishonwa kwa cherehani isipokuwa ya chini kabisa. Hiyo ilishonwa kwa mkono, kwa uzi mnene, na mishono yake ilikwenda kama siafu waliomwagiwa maji.

"Fundi, malizia tu vile iko," Mwongeli alimwambia. "Usiongeze, usipunguze."

"Mama, umefika kwa Shitanda," akajibu. "Utaipenda."

Hakuuliza ni nani aliyeshona safu ile. Macho yake yaliwashwa nayo siku nzima, kama mtu aliyeona kifungo kimetiwa tundu lisilo lake. Mwishowe akaifumua yote, akaishona upya kwa mashine, ikanyooka kama uzi wa timazi. Kisha akapitisha mishono ya kushikilia tabaka. Nyongeza hakudai. Moyoni alijiona mkarimu.

Siku ya kuchukua, Mwongeli alikuja na Selpher, mweka hazina wa chama chao cha ushonaji. Shitanda akalitandaza blanketi, akawaelekeza kwa kidole.

"Hapa chini palikuwa na aibu kidogo," akasema. "Nimeitoa."

Mwongeli akapitisha mkono juu ya safu ile mara moja, kisha tena.

"Mishono ya mamangu iko wapi?"

Ndipo Shitanda akasikia alichopaswa kuuliza tangu mwanzo. Mama yule, Ndindi, alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Safu ile aliishona kitandani kwa mkono wa kushoto, akikataa kusaidiwa. Aliimaliza. Hakukaa sana, wakamzika.

"Na wewe unaiita aibu," Mwongeli akasema. Akaweka pesa ya kazi juu ya cherehani, akatoka. Blanketi akaliacha.

"Hakupaza sauti," Shitanda anakumbuka, akiinama tena juu ya wembe. "Angenitukana ningelala."

Selpher alibaki mlangoni. "Fundi, tulikuwa tunasema mkono wako una baraka," alimwambia. "Kumbe tukuletee kazi na askari wa kuilinda?"

Maneno hayo yameshafika kila chama. Wako wateja wanaomwonya kabla hawajamsalimu: "Shitanda, usininyooshe!" Wao hucheka. Yeye hutazama viatu vyake.

Alimpigia Mwongeli simu, ikakatwa. Akaenda Buruburu kwa miguu, akafika hadi langoni, akasikia sauti yake ndani akiwaita watoto mezani, akageuka akarudi. Akatafuta ule uzi wa zamani. Ulikuwa umefagiliwa na kuchomwa pamoja na vitambaa vya takataka.

Basi akajaribu jambo ambalo hulisimulia kwa sauti ya chini. Alichukua sindano kwa mkono wa kushoto, akaanza kuiga mishono ya marehemu, kwanza kwenye kitambaa chakavu. Mkewe, Triza, anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe kwenye malango ya viwanda, akamkuta.

"Baba Jacky, mkono huo umeanza kazi lini?"

"Namrudishia mishono ya mamake."

"Ya mamake ama yako?" Triza akatua sufuria. "Ulimwibia mara moja. Sasa unataka kumpa bandia ashukuru?"

Shitanda akaiweka sindano chini.

Alichokiona baadaye alikiona kwa bahati. Alipofumua kipande cha mshono wake wa mashine, akatenga kitambaa cha juu na pamba na kukiinua mbele ya mlango, mwanga ulipenya. Viraka vile vilikuwa vya ovaroli, kitambaa kizito, na Ndindi alitumia sindano nene kwa kuwa vidole vyake havikuweza kubana nyembamba. Uzi ulikuwa umekwenda, lakini matundu yake, mapana kuliko ya mashine, yalibaki. Yalipanda, yakashuka, yakakaribiana pale mkono ulipochoka, kisha yakaendelea hadi mwisho.

"Nilimwona akishona," anasema Shitanda.

Mafundi wanajua kwamba matundu ya namna hiyo hayadumu. Maji yakigusa kitambaa, au pasi ya moto, nyuzi husogeleana na kuyaziba. Ndiyo maana blanketi hili halijapigwa pasi, na ndiyo maana leo amefumua safu nzima ya chini, kiraka kwa kiraka, hadi uzi wake wa mwisho umetoka. Hatapitisha uzi mwingine hapo. Mkono unaostahili ni mmoja tu, wa Mwongeli.

Binti yake, Jacky, anamshauri kutoka kitandani. "Baba, si umtumie tu meseji? Dakika moja!"

"Meseji yangu ataifuta akiona jina," anajibu. "Na barua lazima nijikaze kuiandika. Acha nijikaze."

Selpher alijitolea kuipeleka barua, Shitanda akakataa. Alimwomba anwani tu, sanduku la posta la ofisi ya Mwongeli.

Anaandika polepole, akitamka kila neno. Anapomaliza, anakubali kuisoma kwa sauti:

"Kwa Mwongeli. Uliniambia nisiguse nikagusa. Kazi ya mamako haikuwa na aibu, aibu ilikuwa yangu. Matundu ya sindano yake bado yapo. Ukitaka, njoo na uzi, uyafuate mwenyewe, au nikuletee blanketi langoni. Usilifue kwanza. Pesa yako imo humu. Shitanda."

Akijibiwa, anasema, atafunua cherehani. Asipojibiwa, atalitunza blanketi pakavu na kungoja. Na kuanzia sasa, kila mteja atamwuliza swali moja kabla ya kupokea kazi: nani ameshona hapa?

Katika posta anaulamba mfuniko wa bahasha na kuubandika. Umekaa upande. Kidole chake kinakwenda kuunyoosha, kinasita, kinarudi.

Anaitumbukiza barua kisandukuni vile ilivyo.